Kilichoimbwa na Kilichoachwa: Usuli na Uimbaji wa Oratorio ya Masihi, kutoka Dublin hadi Kilosa

Utangulizi

Jioni za Novemba na Desemba, mtu apitaye Magomeni, katika mji wa Kilosa, huweza kusikia mazoezi ya kwaya kabla hajaliona kanisa. Kinanda hutoa sauti, mwalimu hukatiza, sauti ya tatu huambiwa irudie peke yake. Miongoni mwa nyimbo zinazotayarishwa kwa Noeli, na tena kwa Pasaka, kuna mmoja ambao wanakwaya huutaja kwa neno moja tu: Haleluya. Hawana haja ya kuongeza kitu. Kila mmoja anajua kwamba inayosemwa ni Haleluya ya Handel.

Kisichojulikana sana ni kwamba wimbo huo ni kipande kimoja cha kazi yenye vipande takribani 50, kutegemea toleo, na kwamba huchukua dakika kama 4 katika kazi inayochukua zaidi ya saa 2. Aidha, haupo mwishoni, kama wengi wanavyodhani kwa sababu ya kishindo chake. Unafunga sehemu ya pili kati ya sehemu tatu. Kazi yenyewe ni oratorio iitwayo Masihi, iliyotungwa na George Frideric Handel mwaka 1741.

Insha hii inachunguza usuli wa oratorio hiyo na namna inavyoimbwa katika mazingira ya Kiswahili, kwa kuiangalia zaidi Kilosa. Dai lake ni moja. Katika kuipokea Masihi, kwaya zetu zilichukua sehemu inayogombana zaidi na lugha ya Kiswahili, yaani nyimbo za kwaya za sauti nne, na kuacha sehemu ambayo Kiswahili kilikuwa tayari kuipokea kuliko nyingine zote, yaani masimulizi ya kughani. Kwamba Haleluya ilinusurika katika mgongano huo ni jambo linaloelezeka, na maelezo yake yamo ndani ya neno lenyewe.

Usuli: London na Dublin

Neno oratorio, kwa asili, ni jina la mahali. Huko Roma, katika karne ya 16, wafuasi wa Filipo Neri walikusanyika katika nyumba ya sala kusikiliza mahubiri na nyimbo za kiroho; jina la nyumba likageuka kuwa jina la muziki. Kufikia kipindi cha Baroko, oratorio ilikuwa utanzu kamili: kisa kitakatifu kinachosimuliwa kwa sauti za waimbaji mmoja mmoja, kwaya na ala, bila maleba, bila mapambo ya jukwaa, bila uigizaji.

Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akajifunza mtindo wa opera nchini Italia, kisha akahamia London na hatimaye kupata uraia wa Uingereza mwaka 1727. Kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa opera za Kiitaliano. Watazamaji walipozichoka, aligeukia oratorio za Kiingereza, ambazo hazikuhitaji gharama ya jukwaa na ziliweza kuimbwa wakati wa Kwaresima. Ni vyema kulisema hili wazi, kwa kuwa katika mazungumzo ya kanisani Masihi huelezwa mara nyingi kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya ibada. Haikutungwa hivyo. Ilitungwa na mtu wa majumba ya michezo, kwa waimbaji wa kulipwa.

Matini iliandaliwa na Charles Jennens, tajiri msomi aliyeipenda mno Biblia na muziki. Hakutunga hata mstari mmoja wake mwenyewe. Alichagua aya za Maandiko na kuzipanga. Sehemu ya kwanza inahusu unabii na kuzaliwa, ya pili mateso, ufufuko na kuenea kwa habari njema, ya tatu ufufuo wa wafu. Hakuna wahusika wanaozungumza wao kwa wao kama katika oratorio nyingine za Handel, na matukio mengi huelezwa kwa maneno ya manabii badala ya yale ya Injili. Kisa kinasimuliwa kwa mbali, kwa fumbo, kwa msikilizaji ambaye tayari anakijua. Handel aliandika muziki wake kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, siku 24 tu, kisha akasafiri kwenda Ireland.

Onyesho la kwanza lilifanyika Dublin tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki wa Fishamble Street. Hapakuwa kanisani. Mapato yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na kumbukumbu zinaeleza kwamba wafungwa 142 waliachiwa baada ya madeni yao kulipwa. Ili watu wapatao 700 waweze kuingia, mabibi waliombwa kuacha nyumbani vazi la fremu lililopanua sketi, na mabwana waliombwa kuacha panga zao. Waimbaji wa kwaya walikuwa wanaume na wavulana wachache kutoka makanisa makuu mawili ya mji, na hata ruhusa yao ilileta mzozo, kwani Jonathan Swift, mkuu wa mojawapo ya makanisa hayo, kwanza alikataa wasishiriki. Miongoni mwa waimbaji wa peke yao alikuwamo Susannah Cibber, mwigizaji ambaye ndoa yake ilikuwa imeanikwa mahakamani London na kumharibia jina. Huyu ndiye aliyeimba kuhusu mtu aliyedharauliwa na kukataliwa, maneno ya Isaya 53.

London ilikuwa ngumu zaidi. Kazi ilipoimbwa Covent Garden tarehe 23 Machi 1743, ilitangazwa kwa tahadhari kama oratorio mpya takatifu tu, bila jina lake. Hata hivyo palizuka malalamiko magazetini: je, jumba la michezo ni mahali pa Neno la Mungu, na waigizaji ni watu wa kulitamka? Heshima kamili ilikuja baada ya mwaka 1750, Handel alipoanza kuiongoza kila mwaka kwa ajili ya hospitali ya watoto waliotupwa. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, siku chache baada ya kuisikia kwa mara ya mwisho.

Mwandishi wa Afrika Mashariki hawezi kuufunga usuli huu hapo. Utafiti wa David Hunter katika daftari za hisa umeonyesha kwamba mwaka 1720 jina la Handel linaonekana miongoni mwa wenye hisa za kampuni ya kifalme ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa katika Afrika Magharibi. Hiyo haikuwa biashara ya pwani yetu. Lakini Kilosa ipo katika nchi ambayo misafara ya Bagamoyo ilipita kuelekea bara, na watu wake wana haki ya kujua kwamba mkono ulioandika muziki wa kuwafungua wafungwa 142 uliwahi kuweka fedha katika kufungwa kwa wengine. Mambo haya mawili hayafutani. Yapo pamoja katika maisha ya mtu mmoja.

Njia ya kuja bara

Masihi iliyotoka Uingereza kwenda ng'ambo katika karne ya 19 haikuwa ile ya Dublin. Katika kumbukumbu ya Handel ya mwaka 1784, iliyofanyika Westminster Abbey, watu wapatao 500 walipiga na kuimba. Karne iliyofuata iliongeza hesabu hiyo hadi maelfu. Wakati huohuo nakala za bei nafuu za shirika la Novello, pamoja na mfumo wa tonik solfa ulioenezwa na John Curwen, viliwawezesha wafanyakazi wa viwandani kuimba sauti nne bila kusoma noti za mistari. Matokeo yake ni kwamba uzito wa kazi ulihama kutoka kwa mwimbaji wa peke yake kwenda kwa umati. Kwaya ikawa ndiyo Masihi.

Huu ndio uimbaji uliokuwa umetawala huko kwao wamisionari walipofika katika nchi hizi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana wa CMS walijenga vituo Mpwapwa na Mamboya, katika Ukaguru, kuanzia miaka ya 1870. Waanglikana wa Australia wakachukua jukumu hilo mwaka 1927 dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoundwa. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, iliipitia Kilosa ikaleta watumishi wa serikali, vibarua wa mkonge, walimu na vitabu vyao vya nyimbo. Sauti nne zikawa alama ya shule na ya kanisa kwa pamoja.

Jambo moja katika historia hii halijatiliwa maanani vya kutosha. Kwa kuwa matini ya Jennens ni Biblia tupu, toleo la Biblia la Union Version lililochapishwa mwaka 1952 liliweka maneno yote ya Masihi katika Kiswahili sanifu. Hapakuhitajika mshairi wala mfasiri. Mtu mwenye Biblia, nakala ya noti na subira angeweza kuiandaa oratorio nzima. Hata hivyo, katika mazoea ya kwaya zetu nyingi, kilichoshika mizizi ni ile Haleluya na, hapa na pale, wimbo mwingine mmoja au miwili ya kwaya.

Mkazo, silabi na noti

Kwa nini Haleluya? Jibu la kawaida ni kwamba inachangamsha. Hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu nyimbo nyingine za kwaya katika kazi hiyo zinachangamsha pia.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno haleluya, ambalo tayari lilikuwa neno la Kiswahili kwa njia ya Ufunuo 19, lina mkazo kwenye silabi ya lu. Katika mpangilio wa Handel, kibwagizo kinachofungua wimbo kinaweka silabi ya kwanza kwenye pigo la kwanza, ikivutwa, kisha lu inaangukia pigo la tatu, ambalo pia ni pigo zito. Mwimbaji wa Kilosa hahitaji kurekebisha chochote. Neno linakaa kwenye noti kana kwamba liliandikiwa yeye.

Mambo hubadilika mara maneno mengine yanapoingia. Pale ambapo soprano na alto wanashikilia sifa ya mfalme wa wafalme, Kiingereza kina silabi 3 kwenye noti ndefu 3, na sauti hukaa palepale kama nguzo huku sauti nyingine zikizunguka chini yake. Kiswahili kina silabi 7. Hakuna namna ya kuziingiza bila kuivunja nguzo. Usemi wa milele na milele una silabi 7 dhidi ya 6 za Kiingereza, na hiyo moja ya ziada, katika kifungu cha kasi, hulazimisha noti ipasuliwe mara mbili au silabi imezwe. Katika wimbo wa kwaya wa Isaya 9, Handel aliandika mfululizo mrefu wa noti za haraka juu ya neno moja la Kiingereza lenye silabi moja. Kiswahili huleta amezaliwa, ambalo mkazo wake upo kwenye li, na mfululizo wote huhamia kwenye irabu nyembamba ambayo soprano hulalamika kuibeba juu.

Katika nakala niliyoonyeshwa Magomeni, iliyotolewa fotokopi mara nyingi hadi mistari ya noti ikafifia, maneno ya Kiswahili yalikuwa yameandikwa kwa kalamu chini ya yale ya Kiingereza. Palipokuwa na noti moja ndefu, mwalimu alikuwa ameigawa kwa vistari vidogo. Niliyaandika hayo katika daftari langu kama makosa. Baada ya kuwasikiliza mara ya tatu niliifuta kauli hiyo. Mwalimu hakuwa amekosea kuusoma wimbo. Alikuwa amechagua lugha dhidi ya noti, na kwa kuwa waimbaji wake waliipiga ile sauti iliyogawanywa kwa msisitizo sawa, nguzo ya Handel iligeuka kuwa kitu kama ngoma inayogonga. Kazi ilikuwa imepoteza jambo na kupata jambo. Mtahini atakayesikiliza kwa sikio la London atasikia la kwanza tu.

Kuna mahali Handel mwenyewe anakutana na mazoea ya hapa bila kutafutwa. Kwaya nzima hutamka kauli kwa sauti moja, kisha hujibiwa kwa haleluya za sauti nne. Kauli tena, jibu tena. Yeyote aliyekulia katika ngoma au katika kazi ya shamba lenye kiongozi na waitikiaji anaujua mpango huu kabla ya kufundishwa.

Kughani

Sehemu iliyoachwa ndiyo inayoleta swali kubwa zaidi. Katikati ya nyimbo za kwaya, oratorio husonga mbele kwa masimulizi ambayo hayana wizani wa kudumu. Mwimbaji mmoja hufuata mwendo wa maneno, ala humsubiri. Lugha za Ulaya zina jina la kitaalamu la uimbaji huo. Kiswahili hakikuhitaji kulikopa, kwa sababu kina kitenzi chake cha zamani: kughani.

Mwaka 1728, miaka 14 kabla ya Dublin, Mwengo wa Athumani alitunga Pate Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,000, kuhusu vita vya Waislamu na Herekali. Utendi huo ni kisa kitakatifu kirefu, ulitungwa kwa ajili ya kughaniwa mbele ya hadhira, na hadhira hiyo ilikijua kisa chake kwa ujumla. Wahusika wake, imani yake na mizani yake vinatofautiana kabisa na vya Jennens na Handel. Lakini mtu anayeketi kusikiliza simulizi takatifu kwa saa nzima au zaidi kutoka katika koo la mtu mmoja hakuwa mgeni katika pwani hii wakati Handel akiwa bado anatunga opera.

Mfano wa karibu zaidi na Magomeni ni Maulidi. Katika Mfungo Sita, wakazi Waislamu wa miji kama Kilosa husoma Maulidi ya Barzanji, matini ya Kiarabu ya Jaafar al-Barzanji wa Madina, aliyefariki miaka ya 1760, na kwa hiyo aliishi wakati mmoja na Handel. Msomaji husoma fungu, wasikilizaji huitikia, kaswida huingia kati, na inapofika habari ya kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Wakristo walioko Ulaya husimama pia, wakati wa Haleluya, na husimuliwa kwamba mfalme George wa Pili ndiye aliyeanza, ingawa habari hiyo inaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya mwaka 1780, karibu miaka 40 baadaye.

Ulinganisho huu una mpaka wake, nao lazima uheshimiwe. Wanaoshiriki Maulidi hawasemi kwamba wanaimba, bali kwamba wanasoma, na tofauti hiyo kwao ni ya imani, si ya istilahi. Ninalodai ni juu ya umbo la tukio pekee: sikukuu, msimulizi, waitikiaji, kilele kinachowainua watu vitini. Kwa umbo hilo oratorio nzima ya Handel ipo karibu zaidi na usiku wa Maulidi kuliko ilivyo na tamasha la kwaya ambamo Haleluya huimbwa kati ya nyimbo nyingine 12 zisizohusiana nayo. Mkristo na Mwislamu wa Magomeni ni majirani wa ukuta mmoja. Anayeuliza kama Waswahili wangeweza kukaa na kusikiliza kazi ya namna hiyo amekwisha kujibiwa na jirani yake.

Kuiga na kutunga

Wapo wanaosema kwamba swali lenyewe halina maana tena, kwa kuwa kuimba Handel ni kuiga Wazungu. Hoja hiyo ina historia. Padri Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alitetea nafasi ya muziki wa Kiafrika katika liturujia, na mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango huo rasmi. Mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu mjini Roma, Joseph Kyagambiddwa alikuwa ametunga oratorio kuhusu maisha na kifo chao kwa misingi ya muziki wa Kiganda. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kwamba utanzu huu unaweza kuzaliwa upya hapa badala ya kukaririwa.

Hata hivyo neno kuiga linahitaji uangalifu. Terence Ranger, alipoandika mwaka 1975 juu ya beni, ngoma iliyotwaa ala, vyeo na gwaride za kijeshi za wakoloni, alionyesha kwamba walioonekana kuiga walikuwa wakijenga jamii zao za mjini, zenye ushindani na misaada yao wenyewe. Gregory Barz naye, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kwaya za Tanzania, anaielezea kwaya kama jumuiya inayozikana, inayochangiana na kushindana, si darasa la muziki wa kigeni. Mwanakwaya wa Kilosa anapojifunza Haleluya kwa wiki 6, sehemu kubwa ya wiki hizo ni hilo. Kwa maoni yangu, Kyagambiddwa na yule mwalimu mwenye fotokopi yenye vistari hawako katika kambi mbili. Wote wawili walikataa kuiacha lugha yao ikanyagwe na noti. Mmoja aliandika noti mpya, mwingine alizigawa zile za zamani.

Mwishoni mwa kipindi changu cha kusikiliza nilimwomba mwalimu huyo tujaribu kipande ambacho hakuna aliyekijua, masimulizi ya tena yanayofungua oratorio, maneno ya Isaya 40. Neno la kwanza la sura hiyo katika Union Version lina silabi 5. Handel aliandika kwa silabi 3. Alimwita kijana wa sauti ya tatu, akapiga kodi za kinanda polepole, akamwambia aache kuhesabu. Kijana alijaribu kuifuata nakala mara mbili, akakwama. Mara ya tatu aliiweka nakala juu ya benchi, akafungua Biblia, akaanza.